Majani ya Parachichi na Presha ya Babu

Alhamisi, katikati ya Juni. Tukuyu. Ukungu tangu asubuhi, manyunyu yasiyoisha, baridi ya kuvaa sweta mbili na soksi ndani ya kandambili.

Leo nimelia mara moja tu, na nililia kwa sababu nzuri. Nalisema hili mapema ili wewe unayesoma usihangaike kama nilivyohangaika mimi tangu nifike likizo. Babu yuko salama. Yuko nyumbani kwake sasa hivi, nasikia redio yake, na anabishana na mtangazaji kama kawaida.

Naweza kuandika kwa utulivu.

Kwa wageni wa blogu hii: nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni mkoani Iringa, na likizo narudi nyumbani huku Rungwe. Baba anafanya kazi kwenye machimbo ya Chunya na haji mara kwa mara. Nyumbani tupo mama, mimi na babu mzaa baba, ambaye ana nyumba yake ndogo nyuma ya jiko letu. Bibi alishafariki. Babu ana presha, na kwa muda mrefu amekuwa akimeza kidonge kila asubuhi baada ya uji.

Sasa niseme jinsi nilivyoingia katika jambo hili.

Mwaka huu mradi wangu wa Kemia unahusu antioksidanti kwenye majani ya dawa za asili. Neno ni refu lakini jambo lenyewe kila mtu wa huku amelishuhudia. Kata parachichi, liache mezani, rudi baadaye: limegeuka kahawia. Hewa imelifanyia kazi. Lakini ukilikamulia limao, linabaki na rangi yake kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndani ya limao kuna kitu kinachokubali kushambuliwa na hewa badala ya parachichi. Kinajitoa, parachichi linapona. Vitu vya namna hiyo ndivyo vinaitwa antioksidanti, na majani mengi ambayo wazee wetu huyachemsha yanavyo.

Nilichagua majani ya babu. Yeye huchemsha majani ya parachichi, mchaichai na mpera, kila moja kwa tatizo lake. La presha ni parachichi. Huyachuma kwenye mti wa zamani nyuma ya nyumba, huyaanika ndani juu ya ungo, mbali na jua. Mimi nilikuwa nikidhani anaogopa mbuzi. Kumbe alifundishwa hivyo na mama yake, kwamba jua linaiba.

Kipimo chetu maabara ni rahisi. Unachukua maji ya uji mwembamba, unatia tone la iodini, yanakuwa ya bluu iliyokolea kama wino. Kisha unadondosha maji ya majani polepole. Antioksidanti zikiwamo, rangi inafifia hadi inapotea. Majani yanayofuta rangi kwa matone machache ndiyo yenye nguvu zaidi. Ya babu yaliyokaushwa kivulini yalifuta upesi kuliko yale niliyoyaanika juani mwenyewe. Madam wa Kemia alisema, "Atu, hapo una kitu." Nilitembea nikirukaruka hadi bwenini.

Likizo fupi ya Pasaka nilimletea babu habari hiyo. Nakumbuka maneno yangu vizuri kuliko ninavyopenda.

"Babu, majani yako yameshinda!"

Alinishika mkono, tukacheza kidogo pale uani. Nikarudi shule nikiwa na furaha tele.

Sikujua kwamba yeye alisikia: majani yameshinda vidonge.

Nilipofika nyumbani Jumamosi iliyopita, mama hakunipa hata maji. Alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Babu yako hamezi dawa," alisema. "Tangu ulipoondoka. Nesi wa zahanati ameniuliza kwa nini mzee haonekani siku za kliniki. Nimekusubiri wewe."

Unaweza kuuliza, kwa nini alinisubiri mimi? Yeye anaishi hapo hapo, anampikia kila siku. Jibu ni mila. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaangaliani wala hawasemezani. Mama akimwona babu anakuja njiani, anaingia kwenye migomba na kugeuza uso mpaka apite. Hamtaji jina. Haingii nyumbani kwake. Mama ni Mhehe wa Iringa, angeweza kusema hayo si ya kwao, lakini alipoolewa aliyapokea, na anasema heshima ukishaianza huivui kama koti. Chakula cha babu nakipeleka mimi. Nikiwa shule, jirani yetu Mama Lusajo hukipeleka.

Mama alikuwa amemtuma huyo Mama Lusajo amuulize mzee kuhusu vidonge. Akarudi akisema, "Amecheka tu, ameniambia mjukuu wake amekwisha kupima kila kitu." Baba naye alipiga simu kutoka Chunya. Babu akamjibu, "Nipo salama, mwanangu," na baba akaridhika, maana sauti ya babu haijawahi kuugua.

Mjukuu wake amekwisha kupima kila kitu.

Mjukuu ni mimi. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikiwa bado na begi mgongoni. Presha haipigi hodi, Madam wa Baiolojia alitufundisha hivyo. Mtu anaongea, anacheka, anabishana na redio, na siku moja mkono mmoja unakataa kunyanyuka. Niliwaza mkono wa babu, ule ulionishika tukacheza.

Siku zilizofuata nilijaribu kwa maneno. Kila nikianza, babu alinirudisha kwa maneno yangu mwenyewe. "Si ulisema yameshinda? Umebadilika au majani yamebadilika?" Nilisema vidonge ni muhimu. Akasema hajakataa kwamba ni muhimu, kwa watu wasio na majani. Babu ni mtu wa ushahidi. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye banda la kununulia majani mabichi ya chai, na hakuna mkulima aliyewahi kumshinda kwa hoja.

Kwa hiyo leo asubuhi nilibeba ushahidi. Madam alikuwa amenipa kichupa kidogo cha iodini nikafanyie mazoezi likizoni. Niliomba maji ya uji kwa mama, nikapanga glasi kwenye benchi la babu, chini ya upenu, upande ule ambao ukuta wake umegusana na jiko letu. Nilipanga benchi pale makusudi. Mama alikuwa ndani anamenya ndizi.

Nilitaka babu aone kwamba si majani yake tu yanayofuta rangi. Nilianza na ya kwake, ikafutika, akapiga paja na kushukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga! Umeona?" Nikaleta limao. Ikafutika. Nikaleta chai ya kawaida, ile ya kwenye birika la asubuhi. Nayo ikafutika, japo polepole.

"Chai?" babu aliuliza. "Chai hii hii?"

"Hii hii, babu. Na kama chai inatibu presha, Rungwe nzima pasingekuwa na mgonjwa wa presha."

Nilijiona nimeshinda. Babu aliingia ndani, akarudi na pakiti ya vidonge vyake, ile ya Pasaka, bado ina vumbi.

"Haya," alisema. "Weka na hiki."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga kwenye maji kidogo, nikadondosha. Nikadondosha tena. Nikaongeza.

Bluu ile ile.

Babu aliinama akaangalia glasi kwa jicho moja, kama anasoma mizani. Kisha akanyooka polepole, na hakucheka. Hilo ndilo lililoniogopesha. Angecheka ningejua anatania.

"Umeona mwenyewe," alisema kwa upole. "Mimi sijasema neno."

Nakiri hapa: nilitaka kudanganya. Nilitaka kusema iodini imeisha nguvu, au kidonge kimeharibika kwa sababu kimekaa sana. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Nilikuwa nimebeba kipimo changu mwenyewe kwenda kumwokoa babu, na kipimo kikaenda kusimama upande wake.

Hapo ndipo ukuta ulipoongea.

"Wewe kuku," ilisema sauti ya mama kutoka jikoni, taratibu, kama mtu anayefukuza kuku kweli. "Wewe kuku, kama majani ya parachichi yanatibu kila kitu, mbona miparachichi yenyewe shambani tunaipulizia dawa?"

Sijawahi kusikia kitu kama hicho maishani mwangu. Mama hamwambii babu neno. Na hata leo hakumwambia, alimwambia kuku. Tena kuku hakuwepo.

Babu aliangalia juu kwenye upenu, mdomo ukimchezacheza.

"Atu," alisema, "kuna kuku wa Iringa humo ndani?"

"Labda, babu."

"Mwambie nimemsikia. Mwambie mti wangu wa nyuma haupuliziwi. Na mwambie kuku wa huku huwa hawana maneno mengi hivyo."

"Wewe kuku," mama alisema, "waambie walioko nje, kuku wa huku hawana maneno kwa sababu mdomoni wana ndizi muda wote."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, lakini glasi ya bluu ilikuwa bado mbele yangu, na kicheko hakijawahi kushusha presha ya mtu. Ila kilinipa nafasi ya kuvuta pumzi, na nikaacha kutaka kudanganya.

Nilichukua chumvi ya mama, nikakoroga kwenye maji, nikadondosha kwenye glasi nyingine ya bluu. Haikufutika. Nikaweka sukari. Haikufutika.

"Babu, chumvi imeshindwa. Je, tuache kuiweka kwenye mboga?"

Alinitazama.

"Sukari imeshindwa. Wewe unaweza kunywa chai bila sukari?"

"Usinitukane," alisema, lakini alikuwa anafikiri. Nilijua kwa jinsi alivyosugua kidole gumba.

"Glasi hii inajibu swali moja tu, babu. Inasema nani anafuta rangi. Haijui habari ya moyo wako wala mishipa yako. Kidonge hakikutengenezwa kwa ajili ya kufuta rangi. Nilipokuambia majani yako yameshinda, nilimaanisha yameshinda majani mengine, humu ndani ya glasi. Humu tu. Sikukwambia vizuri."

Ni hapo babu aliposema kitu ambacho mimi nisingekifikiria. Alisema polepole, akiangalia mashamba ya chai yaliyofunikwa na ukungu.

"Mizani yangu ilikuwa haidanganyi. Lakini kulikuwa na watu wanaleta majani mazee, magumu kama ngozi, wamechanganya na vijiti. Mizani inasema kilo ni hizi, safi kabisa. Ilikuwa haijui jani bovu. Jani lilikuwa linataka jicho na mkono." Akasugua kidole gumba. "Nilirudisha vikapu vingi ambavyo mizani ilivikubali."

Nilisogeza glasi zote pembeni. Niliogopa nikijibu nitaharibu.

"Basi cha presha ni kipimo gani?" aliuliza, ingawa anakijua.

"Mkanda, babu. Ule wa mkononi, pale zahanati."

"Na ukisema nimepona?"

"Ukisema hivyo, nitaandika kwenye mradi wangu na nitakuomba msamaha."

"Na ukisema sijapona?"

Hakungoja jibu. Alivaa koti lake, lile la kanisani, kwa sababu babu haendi kupimwa akiwa hovyohovyo. Jikoni kisu kilikuwa kimeacha kumenya. Tulipopita mbele ya mlango, mama alikuwa amegeuka ukutani na kanga kichwani, mgongo wake umenyooka kama wa mtu anayeomba.

Tulitembea chini ya mwavuli mmoja. Njiani babu aliongea juu ya bei ya mbolea. Mimi nilikuwa nasikiliza miguu yake, kama inaburuta, kama upande mmoja ni mzito kuliko mwingine. Ilikuwa miguu ya kawaida inayokwepa matope.

Pale zahanati mganga ni kijana mpole mwenye sauti ya chini. Alimfunga babu mkanda, akapuliza, akasikiliza, akafungua, akasema ngoja upumzike, akapima tena. Ile ngoja upumzike ndiyo niliyoiona ndefu. Nilisoma bango la chandarua la ukutani mpaka nikakaribia kulikariri.

"Imepanda, mzee," mganga alisema. "Imepanda kuliko tulivyoizoea. Lakini haijafika pa kutisha. Mmekuja wakati mzuri."

Alimwambia anyanyue mikono yote miwili, abane vidole vya mganga, atabasamu. Babu alifanya yote, na alipotabasamu alitabasamu pande zote mbili.

Hapo ndipo nilipolia. Niligeukia lile bango ili nisiwatie aibu.

Babu alieleza habari ya majani yeye mwenyewe, bila kuficha, na nilimpenda zaidi kwa hilo. Mganga hakumcheka wala hakumgombeza. Alimuuliza anachemsha majani mangapi, kwa kikombe gani, mara ngapi. Kisha akasema, "Mzee, majani hayo yanaweza kuwa na kazi, sijui, na wewe hujui. Lakini ukinywa vyote viwili kwa pamoja, presha ikishuka tutajuaje nani ameishusha? Na ikishuka mno je? Pumzisha majani. Meza kidonge. Urudi wiki ijayo, tupime."

Niliposikia hivyo nilikaribia kupiga makofi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja! Ni maneno ya Madam, yameandikwa ubaoni kwetu tangu mwanzo wa muhula. Sikujua kwamba yanatembea hadi zahanati ya kijijini na kukaa mezani kwa mganga.

Babu alimeza kidonge pale pale kwa maji ya kikombe cha zahanati. Akakunja uso, akasema hakina ladha hata kidogo, angalau majani yana uchungu wa kiume.

Tuliporudi, nilisimama uani nikasema kwa sauti, bila kumtazama mtu, kwamba imepanda lakini haijafika pabaya, na dawa imeshamezwa. Babu akaendelea kuelekea mlangoni kwake kana kwamba hajui ninaongea na nani. Kisha nikasikia sufuria ikibandikwa jikoni, na mama akaanza kuimba wimbo wa kwaya wa kwao Iringa, ule anaouimba siku ya mavuno tu.

Jioni hii nimeondoa vumbi kwenye rasimu ya mradi wangu. Mahali pa hitimisho nilikuwa nimeandika kwamba majani ya parachichi yaliyokaushwa kivulini "yana nguvu ya kutibu." Nimeyafuta maneno hayo. Nimeandika kwamba yanafuta rangi ya iodini upesi kuliko yale ya juani, na kwamba kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu mgonjwa. Sentensi imekuwa fupi na haivutii. Madam huenda akasema nimejipunguzia alama kwenye maonyesho ya sayansi. Sidhani, lakini hata akisema, itabaki hivyo.

Sijaacha kuyapenda majani ya babu. Kuna mtu, siku moja, atakayeyapima sawasawa, kwa watu, kwa mkanda, kwa uvumilivu, na atajua. Natamani awe mimi. Nalisema hili kwa sauti ndogo kwa sababu ni jambo kubwa, na hata mama sijamwambia.

Lakini najiuliza: ni wanafunzi wangapi wa sayansi wamerudi nyumbani na nusu ya jibu, wakalitangaza uani kwa furaha, na mzee akaamini nusu ile kwa sababu tu anampenda aliyeileta? Mimi nilipewa nafasi ya kurudi na nusu nyingine. Si kila mtu hupewa.

Redio ya babu imezimwa. Amelala mapema leo, mganga alimwambia alale mapema, na huyu ni mtu ambaye asubuhi alikuwa hasikii la mtu.

Kesho nitaamka kabla ya mama nikoroge uji, nimpelekee ukiwa moto, na nitakaa pale mlangoni mpaka ameze kidonge.